Mtori wa Mzazi

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa nikiwa nimeshika paja la kuku. Mke wangu yuko ndani anapambana, mimi niko kwenye benchi nje ya wodi, hotpoti mapajani, namalizia chakula ambacho jirani alimpikia yeye ili akishajifungua ale apate nguvu. Nilianza na kipande kimoja cha ndizi, nikajiambia naonja chumvi tu. Nesi alipotoka kuniambia, "Hongera baba, ni wa kike," alinikuta mdomo umejaa, mafuta yanateremka hadi kwenye kiwiko, na ndani ya hotpoti imebaki mifupa. Nikataka kushukuru, nikapaliwa. Nesi wa watu akaanza kunigonga mgongoni. "Meza kwanza baba," akasema, "halafu ndiyo ufurahi."

Ndivyo nilivyo. Kuna watu wakiogopa hamu ya kula inawakimbia. Mimi hofu ikinipata inateremka moja kwa moja tumboni na kuanza kudai. Nilipokuwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne, kule kwetu mlimani juu ya Kikatiti, nilimaliza peke yangu mkungu mzima wa ndizi mbivu ambao baba aliuficha darini kwa ajili ya wageni. Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni nilikula makande kwa mama, nikala chapati stendi, nikala mahindi ya kuchoma njiani. Nilipoinama kusema "Shikamoo mama," kifungo cha suruali kikaruka, kikaenda kugonga kikombe cha chai. Mama mkwe alikitazama kile kifungo, akanitazama mimi, akasema, "Marahaba mwanangu, karibu chakula." Nikajibu nimeshiba. Hapo nilikuwa nasema kweli kabisa.

Nililelewa kwamba mwanaume hashibi mbele ya mama mkwe. Unaonja, unasifia, unanawa mikono, unaondoka. Ukijaza sahani ukweni utasikika hadi kanisani. Mafunzo hayo niliyashika vizuri kuliko yote niliyopewa na wazazi wangu, na ndiyo yaliyotaka kutuponza.

Tunaishi mjini, mtaa wa Engutoto, nyumba ya vyumba viwili na sebule. Kazi yangu ni kushonea viti vya magari ya utalii, zile Landkruza zinazopeleka wazungu porini. Mtoto alipofikisha siku chache tu, mama mkwe akashuka kutoka Kilimanjaro. Akaja na ndizi mshare za kupika gunia zima, maziwa, mafuta ya kondoo kwenye kopo, na mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa hai, kafungwa kamba, amekasirika. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, nami nilipomwona yule mbuzi nilijihisi nimeanza kupona papo hapo.

Kwa Wachaga mwanamke akijifungua anaitwa mzazi, na mzazi ni malkia. Miezi mitatu hashiki ufagio, hachoti maji, kazi yake ni kunyonyesha na kula. Mama yake au mama mkwe wake ndiye anayempikia: mtori asubuhi, supu mchana, mtori tena jioni, na kati yake vitu vya damu na maziwa ambavyo mwanaume hatakiwi kuvichungulia. Mtori wa mama mkwe wangu, sijui niuelezeje. Ndizi zilichemka na mifupa ya mbuzi hadi zikasalimu amri, akaziponda kwa mwiko, akatia maziwa na siagi, harufu ikatoka dirishani ikawapita majirani, ikanifuata hadi karakana. Labda hilo la karakana nimeongeza chumvi. Lakini niliisikia.

Mezani sasa, mimi na mama mkwe. Ananipakulia, nachota vijiko viwili, najifuta mdomo. "Baba, mbona huli?" "Nimeshiba mama, asante." "Chakula changu hukipendi?" "Kitamu sana mama, ni mimi tu sina kawaida ya kula sana." Mke wangu angekuwa mzima angeanguka chini kwa kicheko. Mama mkwe akanionea huruma. Akinamama wa jumuiya walipokuja kumwona mzazi nilimsikia akiwaambia, "Mkwe wangu ana adabu jamani, ila hali. Sijui anaishi kwa nini huyu kijana."

Aliishi kwa mtori wa mzazi.

Ilianza hivi. Jioni moja, wiki ya kwanza, niliingia chumbani kumwona mke wangu na mtoto. Bakuli kubwa la udongo lilikuwa kwenye stuli, limejaa, halijaguswa. Mke wangu amegeukia ukutani. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema hapana, ila hawezi kumeza. Harufu ya mafuta inamchefua. "Basi mwambie mama akupikie kingine," nikamwambia. Akageuka haraka. "Usithubutu. Ameacha ng'ombe wake, amekuja na mbuzi wake, watu wote kule wanajua amekuja kunilea. Nimwambie nini? Mzazi gani anakataa mtori wa mama yake?" Tukasikia kandambili za mama mkwe zinakuja koridoni. Mke wangu akanisukumia bakuli. "Nisaidie," akasema, "haraka."

Nikamsaidia. Yaani nilimsaidia kwa moyo wote. Mama mkwe alipofungua mlango bakuli lilikuwa tupu, kijiko kimelala ndani, na mimi natazama dari. Akalichukua kwa mikono miwili, uso umemng'aa. "Umekula mwanangu! Safi kabisa. Maziwa yatajaa." Mke wangu akatabasamu kidogo. Nami nikaona nimefanya jambo la upendo, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Kesho yake nikasaidia tena. Na keshokutwa. Baadaye ikawa ratiba. Asubuhi kabla ya kazi napita chumbani "kumsalimia mtoto." Mchana nikapata tabia ya kurudi nyumbani, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu tuoane, na majirani wakasema tazama mwanaume anavyompenda mkewe. Ovaroli ikaanza kukataa. Nikajipima tumbo kwa futi ileile ninayopimia viti, nikaona futi ni mbovu, nikanunua nyingine. Mwenzangu wa karakana akaniuliza, "Aisee, kwenu aliyejifungua ni nani?" Nikamwambia afunge domo lake ashone.

Msidhani sikujaribu kujizuia. Nilisoma kwenye simu kwamba ukishikwa na hamu ya kula, kunywa glasi ya maji, subiri, itapita. Nikanywa. Maji yakapita, hamu ikabaki. Wakasema piga mswaki, maana mtu akishapiga mswaki hatamani kula. Siku hiyo nilikula mtori wenye ladha ya dawa ya meno, na ulikuwa mtamu vilevile. Wakasema tembea. Nikatembea kuuzunguka mtaa mzima, nikarudi na njaa ya halali.

Lakini yapo ambayo simu haikuniuliza. Mke wangu alikuwa anazidi kunyamaza. Zamani huyu mwanamke alikuwa anaongea hadi na redio. Sasa anakaa na mtoto mapajani, anamnyonyesha, macho yako kwingine. Jioni moja, nikiwa na bakuli mkononi, akaniambia taratibu, "Nikikwambia kitu hutanishangaa?" Nikamwambia sema. "Nikimwangalia huyu mtoto sisikii kitu. Najua ni wangu. Ila sisikii kitu. Nahisi kama nimekwisha." Mume mwenye akili angeweka bakuli chini. Mimi niliogopa, nikachota kijiko, nikatia mdomoni. Nikachota kingine. Yeye analia, mimi natafuna ulimi wa mbuzi. Nikalimaliza lile bakuli lote bila kumjibu neno.

Na kuna baya zaidi ya hilo. Nilianza kufurahi anapokataa. Nikiingia nikakuta amekula vijiko viwili vitatu, kuna kitu ndani yangu kilikuwa kinanuna. Mtu anaweza kumpenda mkewe na wakati huohuo akamvizia bakuli lake, na mtu huyo ndiye mimi.

Siku ya kliniki tulikwenda sote. Mtoto akavalishwa kile kisuruali cha kupimia, akaning'inizwa kwenye mizani, miguu inapiga hewa. Nesi akasoma, akagonga mizani kwa kidole, akasoma tena. Uzito haukuwa umepanda. Ulikuwa umeshuka kidogo. Akamgeukia mke wangu. "Mama, unakula?"

Kabla hajafungua mdomo, mama yake akajibu. "Anakula nesi! Mimi mwenyewe ndiye ninayempikia. Mtori, supu, kila kitu. Bakuli linarudi limelambwa!"

Nesi akamtazama mke wangu, ambaye mashavu yalikuwa yamebonyea. Kisha akanitazama mimi, nilivyojaa kwenye shati. Alinitazama kwa muda, jamani. Nami nikajifanya nasoma tangazo la chanjo ukutani. Tukaambiwa turudi baada ya wiki moja, na mtoto asipoongezeka watatuandikia hospitali kubwa.

Tulipofika nyumbani mama mkwe alinawa, akafunga kanga kiunoni, akaingia jikoni. Kwake yeye tatizo lilikuwa wazi: chakula hakitoshi. Akapigia simu mtu alete mbuzi wa pili. Akaongeza mafuta. Na jioni akaingia chumbani na bakuli jipya, kubwa kuliko la kwanza, mafuta yanaelea juu, mifupa yenye uboho imesimama. "Kula mwanangu," akasema. "Kula kwa ajili ya huyu mtoto. Narudi kuchukua bakuli." Akatoka.

Ninyi mnaosoma mtafikiri niliona lile bakuli nikapata uchungu. Mate yalinijaa. Mtoto wangu anashuka uzito, mimi mate yananijaa. Mke wangu akanisukumia kama kawaida. Nikanyoosha mkono, nikashika kijiko. Pale kitandani mtoto alikuwa amelala, mguu mmoja umetoka nje ya shali, na ule mguu ulikuwa mwembamba, ngozi imekunjamana pajani. Mama mkwe wangu alikuwa anaupikia mguu ule.

Nikaweka kijiko chini.

"Vipi?" mke wangu akauliza.

"Siwezi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Siwezi kula tena."

Akanitazama kwa hofu. "Mama anarudi sasa hivi."

"Najua."

"Basi kula! Leo tu. Nakuomba, kula leo tu, kesho nitajitahidi." Akachota yeye mwenyewe, akaniletea kijiko mdomoni, mtori unadondoka kwenye shuka. Na harufu hiyo! Nikakaza meno. Nikakalia mikono yangu, kwa sababu sikuiamini. Mwanaume mzima nimekalia mikono, mdomo umefungwa, nageuza kichwa huku na huku, na mke wangu ananifuata na kijiko. Mtu angechungulia dirishani angesema wale watu wamerogwa. Akaacha kijiko kikaanguka. Akaanza kulia, si kilio cha kujificha kile nilichozoea, kilio cha sauti, na mtoto akaamka naye akajiunga.

Mama mkwe alifungua mlango bila kubisha. Akaona bakuli limejaa. Akaona shuka, kijiko sakafuni, mtori kwenye ndevu zangu.

"Kuna nini?"

Mke wangu hakuweza kusema. Nikasimama. "Mama, mtori wako nilikuwa nakula mimi."

"Upi?"

"Wote."

"Wote? Tangu lini?"

"Tangu umekuja."

Midomo ikaanza kumtembea, nikajua anarudi nyuma siku moja moja. "Na ule ulimi?"

"Na ulimi mama."

"Na supu ya kichwa?"

"Na hiyo."

"Ruwa wangu!" Alimwita Mungu kwa Kichaga, akaketi kitandani kwa kishindo. Akanitazama tumboni kwa muda mrefu. "Na mimi nawaambia watu mkwe wangu hali." Hapo nilitamani ardhi ipasuke, japo kwa upana niliokuwa nao ingebidi ipasuke sana.

Nilisubiri anitukane. Angenitukana ningepumua. Lakini alishaniacha, alikuwa amemgeukia binti yake. Akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga, akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona tangu afike. "Mwanangu," akasema, "sasa mimi nilikuwa nampikia nani?"

Mke wangu akamwambia yote. Kwamba hawezi kumeza. Kwamba hasikii kitu. Kwamba usiku anaogopa kubaki peke yake na mtoto. Mama mkwe alisikiliza huku anamtikisa mtoto begani, na machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta. Wakubwa walisema mficha uchi hazai. Sisi tulizaa kisha ndiyo tukaficha. Asubuhi yake hatukungoja wiki iishe. Nesi yuleyule akamchukua mke wangu chumba cha ndani, wakakaa huko hadi foleni ikaanza kunung'unika, na alipotoka alisema hali hiyo inawapata wazazi wengi, ina jina, ina watu wa kuitibu, na si kukosa shukrani. Mama mkwe akamwomba arudie hilo la mwisho. Akarudia.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka kesho yake. Tulikwenda, tukarudi, tukaenda tena. Mtoto aliongezewa maziwa kwa kikombe. Mama mkwe aliacha kupima upendo kwa bakuli; akawa anakaa tu chumbani na binti yake, wanatazama mtoto. Mimi nilifukuzwa humo kila saa ya chakula. Nikawa nakaa sebuleni na hofu yangu, nimeikodolea macho nayo imenikodolea, hakuna kitu cha kuipa. Hamu ilikuwa inanijia. Nilitafuna vijiti vya kiberiti. Nilishona vitambaa vya viti vyote sebuleni upya, na hakuna aliyeniomba.

Kisha jioni moja ya baridi, ule mwezi ambao mlima Meru hauonekani wiki nzima kwa mawingu, sauti ikatoka chumbani. "Nataka chipsi mayai."

Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko. "Nini?"

"Chipsi mayai mama. Na pilipili nyingi."

"Mzazi! Chipsi! Na pilipili, unataka kumchoma mtoto tumbo?" Alisimama pale katikati ya sebule, mtori unachemka nyuma yake, miaka yote ya mama yake na bibi yake imemsimamia mabegani. Kisha akanigeukia kwa ukali. "Wewe baba, unasubiri nini? Kimbia!"

Nikakimbia. Kibandani pale kona muuzaji akauliza moja au mbili, nikamwambia moja kabla tumbo halijanijibia. Akanifungia kwenye foili. Ili zisipoe nikazitia ndani ya koti, na huo ulikuwa ujinga, maana sasa chipsi na tumbo langu vilitenganishwa na fulana tu. Nikameza mate. Nikaimba nyimbo za kwaya. Nikajiambia kipande kimoja tu cha pembeni hakuna atakayejua, na mla ni mla leo. Nikapita kwenye nyumba ya mchungaji, mkono mmoja tayari uko ndani ya koti, nikautoa. Na moyoni, niseme ukweli, nilikuwa naomba mambo mawili kwa pamoja: ale zote, na aniachie kidogo.

Nilimpa mkononi, nikakaa pembeni ya kitanda. Alifungua foili. Akala kipande kimoja polepole, nikaacha kupumua. Akala kingine. Halafu akaanza kula kweli, kwa vidole, pilipili inamtoa kamasi, anavuta pua huku anatafuna. Niliujua ule wakati ambao mkono wake husimama kisha chakula kinasukumwa kuja kwangu, nikausubiri. Haukuja. Alikwangua yai lililogandia pembeni. Akalamba kidole. Akaniona ninavyomtazama, akavuta foili karibu na kifua.

"Usinitolee macho," akasema. "Nenda katafute zako."

Hakuniachia hata kimoja. Nilitoka hadi uani, nikaegemea ukuta wa jiko, nikalia kwa sauti, kilio cha mtoto aliyechapwa. Dirisha la jikoni likafunguka, mama mkwe akatoa kichwa.

"Baba, una nini?"

"Njaa, mama," nikamjibu.